Saa Tisa Usiku Moyo Wako Unafanya Nini?



Vijana wenzangu, leo naanza na swali la ajabu kidogo. Jana usiku saa tisa, ulipokuwa umelala fofofo, moyo wako ulikuwa unapiga mara ngapi kwa dakika? Zamani ungecheka. Siku hizi pale kwenye kwaya yetu wapo wanaoweza kukujibu papo hapo. Anatoa simu, anapekua kidogo, anakwambia, "Hamsini na nane." Saa janja iko mkononi usiku kucha, inameta taa zake za kijani gizani, na asubuhi inamletea ripoti: ulilala saa ngapi, ulishtuka mara ngapi, moyo ulishuka mpaka wapi.

Mimi pia ninayo. Na nina kisa nayo, ndiyo maana naandika.

Baba yetu alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Alienda kulala akiwa anatania kama kawaida yake, alfajiri mama akamwita, hakuitika. Tangu siku ile nikawa naogopa usiku. Mchana niko sawa, nafanya kazi, nacheka na watu, Jumapili niko Misani. Lakini taa zikizimwa tu naanza kujisikiliza. Unaijua ile hali ya kulalia ubavu wa kushoto, sikio liko kwenye mto, halafu unausikia moyo wako mwenyewe ukidunda? Basi mimi nilihamia huko. Siku moja rafiki yangu akawa anauza saa yake, akaniachia kwa bei ya kutupa. Nikajisemea, sasa nitalala kwa amani, nimepata mlinzi.

Kumbe nimeajiri mlinzi anayeniamsha kila saa kuniuliza kama niko salama.

Kwanza tuelewane kitu hiki kinavyofanya kazi, maana wapo wanaokiona kama uchawi na wapo wanaokiamini kuliko daktari. Zile taa za kijani zilizo upande wa chini zinapenya kidogo kwenye ngozi. Damu, kwa kuwa ni nyekundu, humeza mwanga wa kijani. Moyo unaposukuma, vijishipa vya mkono vinajaa damu na mwanga mwingi unamezwa. Kati ya pigo moja na jingine damu inapungua na mwanga mwingi zaidi unarudi. Saa inahesabu huko kupanda na kushuka. Ni hivyo tu. Haiusikii moyo wako, inaona damu ikipita. Ndiyo maana mkanda ukilegea, au mkono ukipoa sana, au kama una tatuu pale kwenye kiwiko cha mkono, hesabu inaweza kuyumba.

Kwa mtu mzima aliyetulia, moyo hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Wanaofanya mazoezi sana wanaweza kuwa chini ya 60 na wakawa wazima kabisa. Usingizini unashuka zaidi, halafu wakati wa ndoto unapandapanda na kushuka bila mpangilio. Ukijumlisha siku nzima ni kama mapigo 100,000, na wewe hujaamuru hata moja. Hebu fikiria hapo. Hukuomba, hukulipia, hukusimamia, ulikuwa unakoroma. Zaburi ya 127 inasema kwamba anayechelewa kulala na kuwahi kuamka akihangaika anajisumbua bure, kwa sababu Mungu huwapa wapenzi wake hata wakiwa wamelala. Nimeisoma mara nyingi nikidhani ni maneno matamu tu. Siku nilipopata hesabu ya 100,000 nikaona mzaburi alikuwa anaongea kitu halisi.

Lakini wakati ule sikuwa na macho ya kuona hivyo. Nilikuwa naona namba. Wiki ya kwanza 68. Wiki ya pili 74. Ikafika 78. Naamka saa nane usiku, nafungua simu chini ya shuka, naangalia. Nalala, naamka saa tisa, naangalia tena. Kadiri ninavyoangalia ndivyo inavyopanda, na kadiri inavyopanda ndivyo ninavyoangalia. Baadaye nikaja kujua kwamba sikuwa peke yangu: mwaka 2017 watafiti wa Marekani waliandika kuhusu watu wanaotafuta usingizi uliokamilika kwenye vifaa vyao mpaka kule kutafuta kwenyewe kunawaharibia usingizi. Wakaipa hali hiyo jina, othosomnia. Mimi nilikuwa nayo kabla sijajua kuitamka.

Nikaenda hospitali. Na hapa nisimame kidogo, nisije nikaeleweka vibaya. Kama moyo unakuenda mbio bila sababu, kifua kinauma, unazimia au pumzi inakata, nenda hospitali. Usisubiri saa ikuruhusu, wala usimsikilize mtu anayekwambia kwamba ukienda kupimwa umepungukiwa imani. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kusali tukiwa wagonjwa, na hapo hapo anatuambia tumpe daktari nafasi yake. Vyote viwili.

Daktari akanipima presha, akanibandika zile waya kifuani, akachukua damu. Akaniambia moyo ni mzima. Nilitakiwa nifurahi. Halafu akavua miwani akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Sasa, kijana, ni nini kinakuamsha?"

Nikasema hakuna kitu.

Nilikuwa nadanganya, na nilijua. Kinachoniamsha kilikuwa kaka yangu.

Baada ya arobaini ya baba, ndugu walikaa kuzungumza habari za kiwanja. Maneno yakapanda. Mimi, mdogo mtu, nikasimama mbele ya baba wadogo na shangazi zetu nikasema kwamba kaka hakuwahi kumhangaikia mzee alipokuwa anaumwa, na kwamba amekuja mbio kwa sababu ya ardhi. Nilijua linauma, na nilitaka liume. Kaka hakujibu. Alichukua begi lake akaondoka na basi la jioni. Mwezi mmoja baadaye mama akaniambia, bila hata kunilaumu, kwamba dawa zote za baba za mwaka mzima zilitoka mfukoni kwa kaka. Alikuwa anatuma kila mwezi, na alimwomba mama asiseme.

Nilifanya nini baada ya kujua hivyo? Sikufanya kitu. Miezi minane. Nilienda Misani, nilijipiga kifua wakati wa kukiri makosa pamoja na wengine, nilipokea Komunyo, na namba ya kaka nilikuwa nimeifuta kwenye simu.

Sasa turudi kwenye ile 78. Saa ilikuwa sahihi, moyo ulikuwa unapiga 78. Ila 78 inaweza kuwa homa inayonyemelea. Inaweza kuwa bia (kijana mmoja wa kundi letu anasema saa yake ilimsuta kabla mama yake hajamsuta). Inaweza kuwa wali na maharage ya saa nne usiku. Na inaweza kuwa uongo uliousema mbele ya wazee. Kwa saa, vyote hivyo ni 78. Nabii Yeremia, sura ya 17, analia kwamba moyo ni mdanganyifu kuliko vitu vyote, nani awezaye kuujua? Na Bwana anamjibu: mimi ndimi ninayeuchunguza. Katekismu, namba 2563, inauita moyo mahali petu pa siri, ndani kuliko tunavyoweza kufika kwa akili zetu wenyewe, mahali pa uamuzi na pa kukutana na Mungu. Huko mwanga wa kijani haufiki.

Kuna kisa kimoja cha Mfalme Daudi ambacho wengi tunakiruka, kwenye kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 24. Daudi aliamuru watu wahesabiwe. Yoabu, jemadari wake, hata yeye ambaye si mtu wa sala, akaona hapa kuna tatizo, lakini mfalme akashikilia. Ikachukua miezi tisa na siku ishirini. Walipomletea hesabu, Maandiko yanasema moyo wa Daudi ukampiga. Mtu huyu alipigana na Goliathi, alikimbizwa na Sauli mapangoni, na sasa yuko kwenye kiti chake na takwimu mkononi, moyo ndio unampiga. Alitaka namba imhakikishie kwamba yuko salama. Aliipata, na haikumhakikishia kitu.

Lakini sitaki tufike mahali pa kusema kupima ni dhambi. Hapana. Tena nina shahidi mkubwa. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, anafundisha hivi: chagua kosa moja unalotaka kuliacha. Asubuhi ukiamka kusudia kujilinda nalo. Baada ya chakula cha mchana, na tena baada ya chakula cha jioni, pitia saa moja moja ya siku, hesabu umeanguka mara ngapi, na kwa kila anguko weka nukta kwenye mstari. Kila siku ina mistari yake, siku saba. Halafu unalinganisha mchana na jioni, leo na jana, wiki hii na wiki iliyopita. Jamani, hiyo ni grafu! Inyasi alikuwa na ripoti ya kila siku karne ya 16, bila bando wala chaji.

Na ameongeza kitu kidogo ambacho mimi kimenishika kuliko nukta zote. Anasema kila unapoanguka katika lile kosa, weka mkono kifuani, ujutie. Unaweza kufanya hivyo hata mbele za watu, hakuna atakayejua. Kwenye daladala, kazini, kwenye foleni ya benki. Utadhaniwa unatafuta kalamu mfukoni.

Tofauti ni nini basi kati ya nukta za Inyasi na ripoti ya saa yangu? Inyasi haanzi na namba, anaanza kwa kumwomba Mungu neema ya kukumbuka. Na nukta hazimwachi mtu amejiinamia mwenyewe; zinampeleka kwa Mtu aliyemkosea na anayempenda. Mimi ripoti yangu ilikuwa inanirudisha kwangu. Saa nane kwangu, saa tisa kwangu, saa kumi kwangu.

Tukiwa bado kwenye mapigo, niwape na huyu. Mtakatifu Filipo Neri, yule mcheshi wa Roma aliyependa vijana. Mwaka 1544, siku za kuelekea Pentekoste, alikuwa anasali katika makaburi ya chini ya ardhi ya Mtakatifu Sebastiani, akasikia kama moto unaingia kifuani mwake. Tangu hapo, akisali au akiadhimisha Misa, moyo wake ulidunda kwa nguvu mpaka watu waliokuwa karibu naye wakausikia. Alipofariki mwaka 1595 madaktari walimchunguza wakakuta mbavu zilizo juu ya moyo zimesukumwa kwa nje. Hebu mfikirie Filipo amevaa saa janja. Kila asubuhi angeambiwa amelala vibaya, apunguze msongo wa mawazo.

Kwa hiyo si kila moyo unaoenda mbio usiku ni mgonjwa, na si kila moyo uliotulia ni mtakatifu. Mimi nadhani wapo watu wabaya sana wenye 52.

Kilichonitoa ni Alhamisi moja. Mnajua kwamba Ibada ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, kama tunavyoifanya leo, ina mizizi kule Paray-le-Monial, Ufaransa, kwa mtawa Margareta Maria Alacoque, miaka ya 1673 mpaka 1675. Ijumaa ya kwanza ya mwezi tunaijua. Ila kuna kipande kingine ambacho vijana wengi hatukifahamu: Yesu alimwomba akeshe naye kila usiku wa Alhamisi, kuanzia saa tano hadi saa sita, akimsindikiza katika uchungu wake wa Getsemane. Ndiyo Saa Takatifu. Mimi kwa kuwa nilikuwa macho hata hivyo, nikasema bora nikeshe na mtu.

Nikavua saa nikaiweka kwenye droo. Nikafungua Luka 22. Nikafika pale jasho lake linapokuwa kama matone ya damu yakidondoka chini, nikashindwa kuendelea. Nimelisikia somo lile kila Juma Kuu tangu utoto, na sikuwahi kufikiria kwamba ule ulikuwa moyo wa nyama. Moyo ule ulikwenda mbio. Mwana wa Mungu alikuwa na mapigo, na usiku ule yalipanda kwa hofu, kama yangu, gizani, rafiki zake wamelala. Baba Mtakatifu Fransisko alitoa waraka mzima juu ya Moyo wa Yesu, Dilexit Nos, tarehe 24 Oktoba 2024, kuhusu upendo wake wa kimungu na wa kibinadamu. Sikuuelewa wote. Lakini usiku ule nilielewa neno "kibinadamu".

Na moyo ule ulisimama. Tusipite haraka hapo. Baba yangu moyo wake ulisimama usiku, wa Yesu ulisimama mchana, saa tisa, na askari akauchoma kwa mkuki kuhakikisha. Ninachokiogopa mimi, Yeye amekwisha kukipitia mpaka mwisho wake. Siwezi kuwaambia kwamba hofu iliniisha palepale. Niliwaza tu: hata siku wangu ukisimama, huko ninakokwenda amekwisha kufika.

Kesho yake nikaenda kwenye Kitubio. Nikaanza na mambo ya saa, hofu, usingizi. Padre, mzee wa watu, akanisikiliza, akasema, "Mwanangu, hiyo ni habari. Dhambi ni ipi?" Nikamwambia ya kaka. Nikamwambia na zile Komunyo za miezi minane. Nililia kama mtoto. Akaniondolea dhambi, halafu akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. Ukiiba kuku unarudisha kuku. Ukimwibia mtu jina lake, unalirudisha palepale ulipoliibia. Mbele ya walewale waliosikia.

Nilitamani angenipa rozari tatu.

Jioni nikaomba namba kwa mama. Nikapiga.

"Shikamoo kaka."

Kimya. "Marahaba."

"Kaka, nilisema uongo juu yako mbele ya wazee. Mama aliniambia habari za dawa. Nataka nirudi nyumbani nikaseme ukweli mbele yao."

Kimya kingine, kirefu. Nikasikia televisheni kwake, watoto wanagombana.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Hapana kaka."

"Haya. Tutaongea." Akakata.

Usiku ule nikaivaa saa. Nakiri, nilitaka kuona. Nimeshaungama, nimeshapiga simu, si moyo utashuka sasa? Asubuhi nikafungua ripoti: 81. Haijawahi kufika huko. Nikakaa kitandani nikaitazama. Padre kwa mamlaka ya Kanisa ameniambia nimesamehewa, mkono wangu unaniambia 81. Nikakumbuka Waraka wa kwanza wa Yohane, sura ya 3, ule mstari wa 20, kwamba hata mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu naye anajua yote. Nikaenda kuoga.

Wewe mwenye saa, sikwambii uitupe. Mimi yangu bado ninayo, ingawa usiku inalala kwenye droo. Ila leo kabla ya kulala, kabla hujaangalia namba yoyote, weka mkono kifuani kama Inyasi. Sikiliza kidogo. Muulize Bwana jina moja tu: nani nimemkwepa leo? Likija jina, usilifukuze. Na Alhamisi hii kama usingizi umekataa, saa tano usiku, washa mshumaa, soma Luka 22, ukae naye hata nusu saa. Sala yangu mimi huwa ni fupi: Ee Yesu, moyo wako uliogopa usiku, ukae karibu na wangu, unikumbushe niliyemkosea, unipe nguvu za kumwendea. Amina.

Jumamosi ijayo napanda basi kwenda nyumbani. Wazee wameshaitwa, mama ameagiza mchele. Kaka amemwambia mama kwamba atakuja, ila arudi siku hiyohiyo. Mniombee, na mumwombee na yeye.